Kusikiliza Moyo wa Mgeni

Mume wangu anatambua mtumbwi kwa mlio wake. Ni fundi wa injini za mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, na nimewahi kukaa naye kwenye benchi la karakana yake nikimjaribu. Injini inasikika kwa mbali, mtumbwi wenyewe bado haujatokeza nyuma ya mawe, yeye ameinamia kazi yake, anasema bila kuinua kichwa, "Huyo ni mzee wa Ukerewe, plagi moja imekufa." Baada ya muda mzee wa Ukerewe anafika, anashuka, na shida yake ni plagi. Nilikuwa namwambia anajidai tu, kwamba injini zote za Mwaloni zina plagi moja iliyokufa, kwa hiyo hawezi kukosea. Siku hizi simwambii hivyo. Nayaheshimu yale masikio, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Yeye huniita mwalimu, mimi humwita fundi, na majina yetu ya ubatizo tunayasikia kwenye kadi za michango ya harusi tu. Tunaishi Butimba, nyumba ya vyumba vitatu iliyokaa juu ya jiwe kama nyumba nyingi za mji huu, na ukitoka barabarani unapanda mawe mpaka mlangoni. Mgeni akifika kwetu tunampa kwanza maji ya kunywa, halafu ndiyo salamu.

Kabla ya mimba ninayotaka kuisimulia kulikuwa na nyingine. Ilifika miezi saba. Nilikwenda kliniki siku yangu ya kawaida, nikapanda kitandani, nesi akaweka tumboni ile pembe yake ya kusikilizia moyo wa mtoto na kuinamisha sikio. Akaihamishia kushoto. Akaihamishia kulia. Akairudisha pale pale alipoanzia, akakaa hapo muda mrefu. Halafu akasema kwa upole, "Mama, subiri kidogo nimwite daktari," na mimi nikawa nimeshajua. Daktari aliniambia kwa maneno tu kile ambacho nesi alikuwa ameniambia kwa kukaa kimya. Tulimzika yule mtoto kimyakimya, na wiki iliyofuata nikarudi darasani kufundisha sehemu na desimali, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia, miaka miwili baadaye, sikuogopa uchungu wala kichefuchefu. Niliogopa ukimya. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilishtuka kila siku. Kliniki ni mara moja kwa mwezi, na kati ya kliniki moja na nyingine kuna siku nyingi mno za kujiuliza mtoto yupo au hayupo. Mimba ilipofika miezi mitano niliagiza kwenye simu kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto nyumbani. Kilikuja na basi kutoka Dar, nikakipokea stendi ya Nyegezi, nikakificha ndani ya mkoba chini ya madaftari ya wanafunzi kama mtu aliyebeba pombe ya gongo.

Kilikuwa kidogo tu. Sehemu moja unaishika kama simu, ina spika na kioo cha namba, na kutoka hapo kuna waya unaokwenda kwenye kitu kama kichwa cha uyoga, ambacho unakipaka jeli na kukitembeza tumboni. Tulikijaribu Jumamosi mchana sebuleni, mimi nimelala mkekani, fundi amepiga magoti pembeni na kile kikaratasi cha maelekezo ambacho hakukisoma. Mwanzoni ilikuwa ni kelele tu, mfano wa mtu anayefagia uwanja. Fundi akaniambia nisiwe na haraka, nikitembeze polepole, nitafute mahali sauti inapokuwa kubwa kuliko pengine kote, kwa sababu ndivyo anavyotafuta ubovu wa injini, anaweka bisibisi kwenye chuma na sikio kwenye mpini, anahama hama mpaka aupate. Nikatembeza polepole. Chini ya kitovu, kulia kidogo, ikaja.

Ilikuwa ya haraka. Sikutegemea kuwa moyo wa mtu ungeweza kwenda mbio hivyo na bado mtu huyo akawa mzima. Nililia, na fundi naye alilia, ila yeye alisema ni vumbi. Halafu akafumba macho na kusikiliza kama anavyosikiliza kazini, na akatoa hukumu yake. "Mwendo mzuri huu, mwalimu. Haikohoi, haikwami, haipandi wala haishuki." Akachukua simu yake, akairekodi ile sauti, na Jumatatu akaipeleka Mwaloni. Huko aliwasikilizisha wavuvi bila kuwaambia ni nini, akawauliza wataje injini. Mmoja alisema ni ya nguvu za farasi kumi na tano, mwingine akasema haiwezekani, hiyo ni ya arobaini na imefungwa mpya. Walibishana mpaka chai ikapoa. Alipowaambia ukweli, mmoja wao, mtu mzima mwenye wajukuu, akaomba aisikie tena.

Nashukuru kwa miezi ile. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu baadaye nilikichukia kile kifaa, na si haki. Kila nikitoka kazini nilikunywa maji, nikalala mkekani, nikamsikiliza mwanangu kwa dakika kumi, nikainuka nimekuwa mtu mwingine. Nilikuwa mkali shuleni mwaka mzima uliotangulia, na watoto wa darasa la sita ndio watakaokwambia kwamba mwezi ule nilianza kucheka.

Kosa la kwanza lilikuwa la fundi. Mume wangu hawezi kukaa na kitu chenye skrubu akakiacha. Wiki ya pili nilirudi nyumbani nikakuta kile kifaa kimefunguliwa juu ya meza, viungo vyake vimepangwa kwa mstari juu ya gazeti, na mwenyewe anakitazama kwa mapenzi. Alitaka tu kuona ndani mna nini. Alikifunga vizuri, hakuna skrubu iliyobaki, lakini kilipowashwa kioo cha namba kilibaki cheusi. Namba zile ndizo zilizokuwa zikionyesha moyo unapiga mara ngapi kwa dakika. Nilikaa siku tatu sisemi naye zaidi ya "chakula hicho." Siku ya nne akasema, "Lakini sauti si ipo, mwalimu? Namba za nini?" Na mimi, mwalimu wa hesabu ninayekula mkate wangu kwa namba, nikakubali.

Kosa la pili lilikuwa langu. Nesi wa kliniki nilimwambia kuhusu kifaa, nikitegemea atanisifu. Aliuliza ninakitumiaje, akasikiliza, halafu akasema, "Sawa mama, kama kinakupa furaha. Ila kisikufanye uache kumhesabu anavyocheza. Ukishakula, lala ubavu wa kushoto, umhesabu. Akipunguza kucheza usisikilize chochote, njoo." Nikamjibu, "Sawa nesi," kwa ile sauti wanayonijibu wanafunzi wangu ninapowapa kazi ya nyumbani ambayo hawana nia ya kuifanya. Niliona ananirudisha nyuma. Mtu anayeusikia moyo wenyewe, mateke ya nini?

Mimba ilipoingia mwezi wa nane, mama mkwe alikuja kutoka Majita kunisaidia. Alikuja na kiroba cha dagaa, unga wa muhogo na sato wakavu wawili wakubwa, na alipomaliza kuhema kwa yale mawe yetu nikamwamkia, akaitikia marahaba, na macho yake yakashuka moja kwa moja tumboni. Kwao mimba haitajwi hovyo. Hakuna anayesema "mtoto" kabla hajaonekana, wala hakuna anayenunua nguo ndogo. Anaitwa mgeni, na mgeni huamkiwa. Kila asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, mama alikuja akaweka kiganja chake tumboni mwangu na kusema, "Mgeni, umeamkaje?" Halafu anasubiri. Haondoki mpaka mgeni ajibu kwa teke au kwa kujigeuza, hata kama chai inachemka na kumwagika. Akijibiwa anasema, "Haya, shinda salama," ndipo anarudi jikoni.

Lazima niseme ukweli kwamba salamu ile ilinichosha. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini, na mama anasimama pale kama mtu anayengoja hodi iitikiwe. Nilimwonyesha kifaa changu nikidhani kitamaliza jambo. Alikisikiliza mara moja, akatikisa kichwa kwa adabu, akasema, "Vizuri. Lakini mtu hachunguliwi dirishani, anagongewa mlango." Kesho yake asubuhi kiganja kilikuwa pale pale.

Ijumaa moja nilileta nyumbani karatasi za mtihani wa muhula, rundo la madarasa mawili. Niliketi nikasahihisha mpaka mgongo ukauma. Wakati wa kula ndipo nikagundua kwamba sikumbuki mara ya mwisho mgeni alipocheza. Nilijiambia ni kwa sababu nilikuwa na kazi. Jumamosi asubuhi mama aliweka mkono, akamwamkia, akangoja. Mgeni hakujibu. Nikaogopa, lakini niliutoa mkono wake taratibu na kumwambia amelala, jana tulichoka wote. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikachukua kifaa.

Pale chini ya kitovu, kulia, hapakuwa na kitu. Nikahama kushoto, nikapanda juu, nikashuka, na kila nilipohama nilimwona yule nesi wa zamani na pembe yake. Halafu upande wa kushoto, chini kabisa, nikaupata. Ulikuwa wa mbali, lakini ulikuwa wa haraka. Nikalia kwa furaha. Nikasema, Asante Mungu, nikasema mara nyingi, nikafuta jeli, nikatoka kwenda kumalizia karatasi zangu. Mama aliniuliza, nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Hajambo, mama. Moyo unapiga, nimeusikia."

"Sijakuuliza habari za moyo," alisema. "Nimeuliza kama amecheza."

Nilikasirika. Nilimwambia, kwa heshima lakini kwa sauti ya mwalimu, kwamba moyo ukipiga maana yake mtu yupo, na kwamba mambo ya siku hizi si kama ya zamani. Aliendelea kuchambua dagaa wake, lakini nilimwona akitoa vichwa na kuvitupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Siku ile nilisikiliza mara tano. Mara zote tano nilianza kwa hofu, mara zote tano nikaupata ule moyo wa mbio upande wa kushoto, na mara zote tano nikashukuru.

Jumapili asubuhi tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Fundi alikuwa anafunga vifungo vya shati mbele ya kioo cha sebuleni. Siku mbili zile alikuwa anashinda kisiwani Kome kwenye injini ya mtu, alikuwa amerudi Jumamosi jioni amechoka, akala na kulala, na mimi sikumwambia lolote kwa sababu niliona hakuna la kusema. Mama alinijia, akaweka kiganja, akaamkia. Alingoja kuliko siku zote. Halafu, bila kunitazama mimi, akamwambia mwanawe, "Baba, mgeni leo siku ya pili haniitikii."

Mikono ya fundi ikasimama kwenye kifungo. Akaniuliza kwa macho. Nikamwambia moyo upo, nimeusikiliza jana mara tano na leo alfajiri mara moja, mama ana wasiwasi tu. Akasema, "Na mimi niusikie."

Nililala mkekani nikiwa na gauni langu la kanisani, mama amesimama mlangoni. Nilijua pa kwenda, kwa hiyo sikuchelewa, nikaweka kifaa upande wa kushoto chini na sauti ikajaa sebuleni. Nikamtazama fundi nikingoja atabasamu. Hakutabasamu. Aliinamisha kichwa upande, vile vile anavyofanya karakana, akafumba macho, na uso wake ukaanza kubadilika kidogo kidogo. Akatoa simu mfukoni. Akatafuta ile rekodi ya mimba ikiwa na miezi mitano, akaiweka karibu na spika, zikapiga pamoja, ile ya zamani na hii ya asubuhi.

Hata mimi nisiye na masikio nilisikia. Ile ya zamani ilikuwa inaipita hii mpya kwa mbali. Nikasema labda mtoto akikua moyo hupunguza mwendo, na nilikuwa nimeshika maneno hayo kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Fundi alisema, "Hupunguza. Lakini mlio haubadiliki, mwalimu. Huyu si yeye." Akazima simu. Halafu akafanya kitu ambacho nitamshukuru mpaka siku nitakayozikwa. Alinishika kifundo cha mkono, akatafuta mshipa kwa kidole gumba, na kwa kidole cha mkono wake wa pili akaanza kugonga sakafu. Alikuwa anagonga mapigo ya mkono wangu. Na kila alipogonga, kile kifaa nacho kiligonga, pamoja naye, bila kupishana hata mara moja.

Ilikuwa damu yangu. Tangu Jumamosi nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Nilikuwa naogopa, moyo wangu unakwenda mbio kwa sababu ya hofu, na kwa kuwa unakwenda mbio nikadhani ni wa mtoto, nikatulia. Kioo cha namba kingeniambia mapema, lakini kioo kilikuwa kimekufa. Mateke yangeniambia mapema zaidi, lakini mateke sikuyahesabu.

"Vaa viatu," fundi alisema. Sikuweza kujivisha, mama ndiye aliyepiga magoti na kunivisha.

Tulishuka yale mawe wao wawili wamenishika kila mtu upande wake, na pale barabarani tukapata bajaji. Njia nzima hakuna aliyesema. Nilikuwa nangoja mama aseme, "Nilikuambia." Nilikuwa nimestahili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye alikuwa na haki ya kunikumbusha methali hiyo. Lakini alinishika mkono wangu mapajani mwake, akaufunika na kanga, akatazama mbele tu. Katika mambo yote aliyonifanyia yule mama, ule ukimya wake ndani ya bajaji naushukuru kuliko mengine.

Hospitali, nesi wa zamu alinipandisha kitandani. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla hajagusa tumbo, alinishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo yangu mimi, macho yakiwa kwenye saa. Nilimtazama fundi. Fundi aliangalia viatu vyake. Halafu nesi akauliza, "Mara ya mwisho kucheza lini, mama?"

Ulimi ulinipeleka kwenye "jana jioni." Niliona aibu. Mwanamke mzima, mwalimu, aliyeonywa kliniki na nyumbani. Nikafikiria jinsi atakavyonitazama. Nikasema, "Alhamisi, nina uhakika. Ijumaa sijui. Jumamosi hakucheza. Nilikuwa nasikiliza kwa kifaa nyumbani, kumbe nilikuwa najisikiliza mwenyewe." Hakunikemea. Aliniwekea mkono begani, akasema nimefanya vizuri kumwambia, halafu akaweka mashine yao.

Akatafuta kushoto. Akatafuta kulia. Nilifumba macho, kwa sababu njia hiyo nilikuwa naijua na nilijua inapoishia. Nikasikia viatu vya mtu mwingine vikiingia, nikasikia sauti ya daktari, nikahisi jeli ya baridi juu, karibu na mbavu, mahali ambapo mimi sikuwahi kufika. Ndipo daktari akasema, "Yupo."

Yupo. Neno fupi hivyo. Lakini hakuishia hapo. Alisema mtoto amejigeuza, moyo wake unapiga ila unakwenda polepole kuliko inavyotakiwa, unashuka, unajaribu kupanda, unashuka tena. Amechoka, alisema, na sisi hatuna muda wa kungoja, tunakwenda kumtoa sasa hivi. Akampa fundi karatasi ya kusaini.

Fundi alishika kalamu asiandike. Mume wangu ana mikono inayoweza kurudisha pini ndogo ndani ya kabureta kwenye mtumbwi unaoyumba, lakini siku ile kalamu ilimshinda. Alikuja karibu na kitanda akainama, akaniambia polepole ili wengine wasisikie, "Mwalimu, mimi ndiye niliyeziua zile namba."

Watu wanaonijua watakwambia kwamba mimi si mtu wa kuacha deni la maneno. Siku tatu nilimnunia kwa sababu ya kioo kile wakati hakuna kilichoharibika zaidi ya kioo. Sasa alikuwa ananikabidhi sababu ya kumnunia maisha yote. Nilimtafutia hasira sikuipata. Nikamwambia, "Na ni wewe uliyesikia." Akasaini.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji mama mkwe aliomba wasimamishe kitanda kidogo. Wauguzi walikuwa na haraka, lakini kuna namna mama wa kijijini anavyoomba ambayo mtu hawezi kuikataa. Akaweka kiganja chake pale pale kilipozoea. "Mgeni," alisema, "hukutaka kuniitikia ukiwa ndani. Basi toka, tuamkiane huku nje." Akaondoa mkono, wakanisukuma ndani.

Walinichoma sindano ya mgongo, wakanilaza, miguu ikaniaga. Wakaweka pazia la kijani kifuani nisione. Nilisikia vyuma vikigusana kwenye sinia. Nilisikia daktari akiomba hiki na kile kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. Niliomba, na sala yangu haikuwa nzuri. Nilisema, Mungu, nimekushukuru mara tano jana kwa kitu kisichokuwepo. Zile shukrani usizirudishe, zihesabu kwa ajili ya leo.

Nilihisi kuvutwa, kama mtu anayetoa mzigo uliobana chini ya kitanda. Kisha daktari akasema kitu kuhusu kitovu kuzunguka shingo, mara mbili, na sauti yake haikuwa tena ya kuomba chumvi. Kisha kukawa kimya. Chumba kizima, vyuma, viatu, watu, vyote vikanyamaza, na mimi nikajiona nimerudi kwenye kile kitanda cha kliniki, nangoja mtu aniambie nisubiri amwite daktari, ila safari hii daktari alikuwa yuko pale pale na hakuwa na wa kumwita. Nilihesabu. Ndiyo kazi ninayoijua. Nilihesabu mpaka kumi na tisa.

Kikatokea kilio. Kilikuwa chembamba, kimepasuka, kina mkwaruzo, na kilikuwa karibu sana na mimi. Sikufurahi. Nilikuwa nimeshadanganywa na masikio yangu siku mbili mfululizo, na nilijua jinsi sauti yangu mwenyewe inavyoweza kunijia imevaa sura ya mtoto. Kwa hiyo nikafunga mdomo wangu. Nikabana meno, nikazuia pumzi, nikakaa hivyo bila kutoa hata mguno.

Kilio kikaendelea bila mimi.